Mwezi wa Kuta Kutoka Jasho

Nguo iliyopita mikononi mwa Sihaba ilijulikana kwa pua kabla ya macho. Wanawake wa Darajani, Unguja, walifungua marobota yake, wakazamisha nyuso zao ndani ya mabaibui mapya na kusema: huu mzigo wa Bi Sihaba huu, wala msitutajie jina la kargo. Wachuuzi wengine wa Guangzhou walituma nguo zinazonuka plastiki na rangi ya kiwandani, na wanunuzi wao waliridhika, maana nguo ni nguo. Sihaba hakuridhika. Kwake yeye, baibui ambalo halijatandazwa juu ya tenga, chetezo kikafuka chini yake mpaka kila uzi ukanywa udi, lilikuwa kitambaa tu. Watu walimwambia anajichosha bure. Na ni kweli alikuwa akijichosha, lakini hayo mwambie mtu mwingine, si mwanamke ambaye jina lake limevuka bahari kwa harufu.

Jina hilo ndilo nusura limuulie mtoto.

Ulikuwa mwezi wa Aprili, mwezi ambao familia ile haikuwa na hata nafasi ya kugombana vizuri. Maonyesho makubwa ya biashara yalikuwa yamefunguliwa, na wanunuzi wa Dar na Unguja walimiminika uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, kila mmoja ana namba ya Sihaba kwenye simu yake. Mumewe, Zubeir, alikuwa Dar es Salaam akihangaika kutoa kontena bandarini, kwa hiyo yote yalimwangukia yeye. Asubuhi anawapikia wageni chai na mandazi. Kisha anawaongoza Guangyuan Xilu, kwenye yale majumba ya nguo za jumla, anawapitisha katikati ya wapagazi wanaovuta marobota na kumfokea kila aliye mbele yao. Mchana anarudi na mizigo Xiaobei, mtaa wa Dengfeng, anaipandisha juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Jioni anafukiza, anakunja, anafunga. Sebule ilijaa nguo mpaka televisheni ikabaki kusikika tu.

Katikati ya hayo kulikuwa na watoto wawili. Nahla, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa na mitihani ya majaribio na uso uliovimba kwa kukosa usingizi. Sufian, wa miaka kumi na minne, alikuwa amerefuka ghafla mpaka suruali zikamkimbia miguuni. Chumba cha Nahla kilipewa mgeni, Zulekha wa Kariakoo, mwanamke mnene mcheshi aliyelalamikia mgongo wake tangu aliposhuka kwenye ndege, na Nahla akahamia kitandani kwa mama yake.

Ugomvi ulianza na koti la skuli.

"Mama, nguo zangu za skuli usizifukize tena," Sufian alisema asubuhi moja, mdomo umejaa mandazi.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Wenzangu wananicheka. Wanasema nanuka kama hekalu."

Sihaba aliweka mwiko chini. Huku watu huchoma vijiti vya ubani mbele ya masanamu yao, alishaona, lakini kufananisha udi wake na huo! "Bibi yako alikufukiza udi huu huu siku ya arubaini yako," alisema. "Leo umekuwa uchafu?"

"Sijasema uchafu, mama."

"Nimesikia ulichosema."

Kijana akabeba mkoba wake akaenda zake. Sihaba alibaki pale jikoni. Alikuwa amewaona watoto wa wenzake, waliokulia hapa, wanaomjibu mama kwa Kichina na kumtaka asimame mbali kidogo na geti la skuli. Kumbe zamu yake imefika. Tangu siku hiyo, kila Sufian alipofungua mdomo kuhusu moshi, Sihaba alisikia neno moja tu: aibu.

Kisha kuta zikaanza kutoka jasho. Wenyeji wa Guangzhou wanazijua siku hizo za majira yao ya kuchipua. Baridi haijatoka bado kwenye mawe ya nyumba, upepo wa joto unaingia kutoka kusini umejaa maji, na kila unapogusa kitu cha baridi unayaachia hapo hapo. Vigae vya sakafu viliteleza kama vimemwagiwa mafuta. Nguo zilizoanikwa zilikaa kwenye kamba siku nenda siku rudi, na zikazidi kulowa. Miaka yao ya mwanzo walikaa jengo jipya lenye kiyoyozi cha maana, hayo hawakuyaona. Hili la sasa lilikuwa jengo kuukuu, na fleti yao ilitazama kusini.

Sasa Sihaba ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani akiona nyumba ina unyevu hahitaji kufundishwa na mtu: fungua madirisha, hewa ipite. Akayafungua yote. Upepo ukaingia kwa raha zake na kuta zikatiririka vizuri zaidi. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Bibi Chen, mzee wa ghorofa ya chini yao, kimwanamke kikavu chenye sauti ya kuuza samaki, akionyesha madirisha na kupiga kelele.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema tufunge madirisha, mama," Nahla alisema. "Upepo ndio unaoleta maji. Hata kwenye grupu la jengo wameandika."

"Mwambie ahsante." Na mlango ulipofungwa: "Harufu ya vyakula vyetu ndiyo hataki, anatafuta pa kusemea. Nani kasikia nyumba inakaushwa kwa kufungwa?"

Akabisha hivyo mpaka siku alipofungua robota la mabaibui ya Zulekha na kukuta madoa meupe ya kuvu yametambaa kwenye mikono na kwenye pindo, na harufu inatoka humo ya godoro lililosahaulika mvuani. Alikaa chini palepale. Mzigo ulikuwa unangojewa Kariakoo, na ungefika umenuka, na jina lake juu yake.

Hapo ndipo alipomsikiliza Bibi Chen, lakini nusu. Madirisha alifunga, yote, na nyufa akaziba kwa taulo. Udi hakuacha. Aliuongeza. Alileta chetezo cha pili, akachoma asubuhi kabla ya kwenda sokoni na jioni akirudi, apambane na ile harufu ya kuvu hadi ishindwe. Moshi ukakosa pa kutokea. Ulining'inia chini ya dari, ukaingia vyumbani, ukalala na watu vitandani. Mwenyewe hakuuona. Mtu hauoni moshi wake.

"Mama, punguza kidogo," Sufian alisema siku ya kwanza ya madirisha kufungwa. Alikuwa akikohoa.

"Na humu ndani nako kuna wenzako wa kukucheka?"

Sufian alimtazama, akaingia chumbani. Hakusema tena. Akawa anachelewa kurudi kutoka skuli, akirudi anapita moja kwa moja chumbani, na kikohozi anakikoholea kwenye mto. Sihaba alikisikia, maana mama husikia. Akamsagia habasoda, akachanganya na asali, akamwekea kwenye kikombe mlangoni kama mtu anayeacha posa, kisha akarudi kwenye marobota. Wageni walikuwa wakipiga simu. Laoban, yule tajiri mwenye duka la vitenge, alikuwa amebadilisha bei. Kesho, alijiambia. Kesho nitakaa naye.

Ikafika Jumapili moja, alasiri, mvua nyembamba inanyesha nje na ndani. Zulekha alikuwa sebuleni amenyoosha miguu iliyovimba kwa kutembea. Sufian alitoka chumbani kunywa maji, na Sihaba akamwona vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Mabega yalikuwa yamempanda masikioni. Kila pumzi ilitoka na mluzi mdogo, na mluzi ule Sihaba aliujua. Unguja, Sufian alipokuwa mdogo, alikuwa na kifua. Wamebeba pumu ile masiku mangapi, yeye na mama mkwe, mpaka ikaondoka yenyewe alipoanza skuli. Huku haikuwahi kumgusa, na Sihaba alikuwa ameisahau, kama alivyosahau mambo mengi mwezi ule.

Aliliachia robota alilokuwa akilifunga. Na mtu akiingiwa na hofu hukimbilia anachokijua. Wageni wote waliopita nyumbani mwezi ule walimtazama Sufian na kusema, kakua huyu, kawa mwanamume, wengine bila hata kumtaja Mungu. Kijicho. Kazi imenawiri, watoto wamekua, mume yuko mbali. Watu wana macho. Akaenda jikoni, akatia makaa kwenye chetezo, na safari hii juu yake akatia ubani.

"Kaa hapa, baba. Nikufukize."

Nahla alisimama mlangoni na kalamu mkononi. "Mama, usi—"

"Wewe kasome."

Sufian alitazama chetezo. Kisha akamtazama mama yake: macho mekundu, vidole vimeungua makaa, mtandio umekaa upande. Bila shaka angeweza kukataa. Alikuwa mrefu kumshinda.

"Unaona aibu?" Sihaba aliuliza, na sauti ilimkatika.

"Siyo aibu, mama," alisema kijana. "Haya. Fukiza."

Akaketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akamwachia. Sihaba akazungusha chetezo juu ya kichwa chake, nyuma ya mgongo, chini ya kidevu, huku akisoma alizofundishwa kusoma, na moshi mweupe ukamfunika mtoto mpaka mabegani. Alikuwa bado anasoma alipoona mkono umenyanyuka ndani ya moshi. Sufian alikuwa amenyoosha mkono juu, kama yuko darasani, anaomba ruhusa.

Kisha akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Hakukohoa. Hilo ndilo lililomtisha Sihaba kuliko yote, kwamba hakukuwa na kikohozi tena wala mluzi. Shingo ilikuwa ikibonyea kila anapovuta, na anachovuta hakiingii, na midomo inageuka rangi ya zambarau. "Sufian! Sufian, babaangu, vuta!" Alimshika, akamtikisa, akampepea kwa baibui la mteja.

Zulekha, yule wa mgongo, alipiga magoti, akamvuta kijana mgongoni mwake kama mpagazi wa Guangyuan, akanyanyuka, akaziteremka zile ngazi zote zilizotoa jasho akiwa peku. Nahla alikwishatangulia. Ghorofa ya chini mlango ulifunguka, Bibi Chen akachungulia, akaona, akateremka mbio kuwapita wote na ndala zake. Walipotoka nje alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono ameitanua, teksi imesimama pua yake ikigusa magoti yake, na dereva anamtukana. Yeye alikuwa akimtukana zaidi.

"Njia! Njia jamani!" Zulekha alipiga kelele, na Dengfeng nzima, wanaojua Kiswahili na wasiokijua, wakavuta mikokoteni yao pembeni.

Hospitali walimchukua kutoka mikononi mwao bila kuuliza jina. Wakamvisha kifuniko cha plastiki puani na mdomoni, mashine ikawa inatoa mvuke wa dawa, sindano ikaingia mkononi. Daktari alikuwa msichana wa miwani, hajafika hata miaka thelathini. Aliuliza, na Nahla akawa anageuza maneno.

"Anauliza nyumbani kuna mtu anavuta sigara."

"Mwambie sisi hatuvuti. Mwambie hatujawahi!"

"Anauliza kama kuna kitu kingine kinachochomwa."

Sihaba alifungua mdomo, lakini Nahla hakumngoja. Aligeuka kwa daktari akazungumza, kirefu, haraka, na Sihaba hakuelewa neno hata moja ila mikono ya binti yake aliielewa yote. Ilizungusha chetezo. Ilipanga marobota mpaka dari. Ilifunga dirisha, na dirisha, na dirisha. Daktari akageuza miwani yake taratibu akamtazama Sihaba.

"Umemwambia nini?"

"Kweli, mama."

Alitaka kumpiga, na alitaka kumwangukia miguuni. Badala yake alikwenda kitandani kwa mwanawe. Hakuwa amefika vizuri, ameinama tu kumshika paji la uso, Sufian akaanza kujikunja na kuhangaika ndani ya kile kifuniko, na mashine ikalia. Muuguzi akaja mbio. Akamsukuma Sihaba kwa kiganja kifuani, akagusa baibui lake, akagusa mtandio, akaonyesha nywele, akaonyesha mlango.

"Anasema usimkaribie," Nahla alisema, sauti imeshuka. "Harufu iliyomo kwenye nguo zako. Na kichwani."

"Mimi mamake!"

"Anajua, mama."

Akasimama ukumbini, akimtazama mwanawe kupitia kioo cha mlango kama mtu aliyekuja kumtazama mfungwa. Daktari alisema njia za hewa zimevimba sana, dawa bado haijafanya kazi ipasavyo, kama kifua hakifunguki watampeleka juu akasaidiwe kupumua kwa mashine. Ya Rabbi, nichukue mimi, Sihaba aliomba. Jina lichukue, marobota yachukue, sitawasha tena hata kijiti, nirudishie pumzi zake tu.

"Alikwambia wewe?" alimuuliza Nahla. "Kwamba moshi unamuumiza?"

"Alikwambia wewe, mama."

"Aliniambia wenzake wanamcheka!"

"Hakuna aliyemcheka." Nahla alijifuta macho kwa mkono wa koti lake. "Alisema, 'Nikimwambia mama kazi yake ndiyo inayoniumiza, ataacha kazi au atavunjika moyo.' Akaona bora ukasirike."

Sihaba aliegemea ukuta. Hata ukuta wa hospitali ulikuwa umelowa.

Bibi Chen, aliyekuwa ameingia nao teksini, ndiye aliyemshika mkono akamrudisha nyumbani abadilishe nguo, akiongea njia nzima lugha ambayo Sihaba hakuhitaji tena kutafsiriwa. Sihaba alipofungua kabati lake, ilimjia puani kwa mara ya kwanza baada ya miaka: udi. Kila gauni, kila khanga, kila shuka. Alipekua hadi chini, hakupata kitambaa ambacho angeweza kukivaa akamwendea mwanawe. Nyumba iliyojaa nguo, na yeye hana nguo.

Mzee akamvuta chini kwake. Humo madirisha yalikuwa yamefungwa, na mashine kando ya ukuta ilikuwa ikinguruma na kunyonya unyevu, na hewa ilikuwa kavu, haina harufu ya chochote. Juu ya meza kulikuwa na kitabu cha hesabu cha Sufian kimefunguliwa. Kwenye kiti, koti lake la skuli, kavu, limekunjwa. Chini ya kiti, jozi ya ndala kubwa za kiume ambazo hazikuwa za mzee huyu mdogo. Kwa hiyo hapa ndipo alipokuwa akichelewea. Mama alikuwa juu akipigana na kuvu, na mtoto yuko chini ya miguu yake, kwa mwanamke aliyemdhania adui, anapumua.

Bibi Chen alimpa kipande cha sabuni ya kufulia na kumsukumia bafuni. Sihaba akajisugua. Akafumua nywele, akaosha. Alipotoka, mzee alimwinamisha kichwa, akamnusa utosini kama anayekagua samaki sokoni, akatikisa kichwa. Sihaba akarudi. Akaosha tena, akilia kwa sauti sasa, maana maji yalikuwa yakizifunika kelele. Akatoka, akanuswa, akarudishwa. Ngozi ya kichwa ilikuwa inawaka moto mzee alipomnusa mara ya mwisho, akakubali kwa kichwa.

Akavaa suruali ya maua na koti la pamba la Bibi Chen, mikono imeishia kwenye viwiko. Zulekha alileta mtandio mpya ambao ameununua dukani mtaani, ungali ndani ya nailoni yake. Walipotoka, wachuuzi waliomjua Bi Sihaba kwa miaka mitano walipishana naye Dengfeng bila salamu.

Hospitali, muuguzi alimkaribia, akavuta pumzi mbele yake, akampisha.

Dawa ilikuwa imeanza kushika. Midomo ya Sufian imerudi rangi yake, ingawa kila pumzi bado ilikuwa kazi ya mwili mzima, na macho yamefumba kwa uchovu. Daktari alisema usiku huu hawataahidi kitu. Sihaba alikaa kwenye kiti cha kando ya kitanda, taratibu, akimtazama kifua, tayari kukimbia akikohoa. Hakukohoa. Akauchukua mkono wake. Hakukohoa. Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa mwanawe, karibu kuliko alivyokuwa mwezi mzima ule, na kifua cha kijana kikaendelea kupanda na kushuka.

Sufian akasogeza kichwa kwenye mto. Alinusa, kidogo, ndani ya kifuniko, kisha akanusa tena, kama anayetafuta harufu anayoijua.

"Nahla," alisema, sauti nyembamba, macho bado yamefumba. "Mama hajaja?"

Nahla alimtazama mama yao.

"Nipo, baba," Sihaba alinong'ona, akiubana ule mkono kwa mikono yake miwili. "Nipo hapa."

Mashine ilikuwa ikinguruma kuushinda mnong'ono wake. Sufian akageuza uso upande wa pili, kuelekea mlangoni, akawa anamngoja.